Ruta Iliyovikwa Kitambaa cha Idi

"Cha kabatini hakifiki chumbani." Mmeisikia kwa mama zenu, mkacheka, sasa mnaniuliza kabati gani na chumba gani. Haya, wekeni simu chini kidogo niwaambie ilikotoka, maana nimechoka kusikia watu wakiitumia ovyo. Juzi mtu kaisemea nyama iliyolala kwenye friji! Nyama!

Ilianzia Tanga, Ngamiani, nyumbani kwa Bi Mwanamkasi na binti yake Hidaya. Hidaya alikuwa amerudi kwa mama yake baada ya ndoa kuvunjika, na hakutaka kula vya bure. Akapata kazi ya kufundisha Kiswahili kwa mtandao. Wanafunzi wako Ulaya, yeye yuko chumbani kwake, chumba cha mwisho karibu na ua, wanaonana kwenye kompyuta. Lakini watu wakimuuliza Bi Mwanamkasi binti yake anafanya nini siku hizi, alijibu, "Anakaa tu na kuongea." Hidaya alisikia, akameza.

Bando la simu lilipomshinda, alijinyima miezi miwili ili anunue ruta, waifai ienee nyumba nzima. Maudhi yalianzia palepale dukani. Bi Mwanamkasi alishika ruta moja akaanza kuhesabu antena.

"Hii ina mbili. Nyumba yetu ina vyumba vinne. Vile viwili vingine vitapata nini?"

"Mama, antena hazigawiwi kwa vyumba."

"Kumbe zimewekwa za urembo?"

Muuza duka, badala ya kusaidia, mbio akaleta yenye antena nne. Hidaya alivuta pumzi, akaichukua hiyohiyo.

Wakaiweka juu ya meza ya sebuleni. Hidaya akaandika neno la siri, mama mtu akazielekeza antena, kila moja na chumba chake, kisha akarudi nyuma kutazama kama zimenyooka. Taa za kijani zikawaka. Siku hiyo mtandao ulifika mpaka jikoni.

Kuanzia Jumatatu, vituko. Hidaya akijifungia chumbani na kuanza somo, hazipiti dakika kumi picha ya mwanafunzi inaganda, mdomo wazi. Kutoka nje hathubutu, kwani waajiri wake walikataza mwalimu kuondoka mbele ya kamera. Basi atakaa hapo akiita, "Unanisikia? Unanisikia?" mpaka muda wa somo uishe. Akija sebuleni, ruta ipo mezani, taa zinawaka, mtandao tele! Alizima akawasha. Alibadilisha neno la siri. Aliita fundi, na fundi akakaa saa nzima anakunywa chai ya Bi Mwanamkasi, kisha akasema, "Dada, chombo hiki hakina ugonjwa." Hidaya alitamani kuwatupa nje wote wawili, chombo na fundi.

Wanafunzi wakaondoka mmoja mmoja, akabaki mzee wa Ufini aitwaye Pekka. Waajiri wakaandika: Alhamisi saa nne asubuhi msimamizi atasikiliza somo, na likikatika tena, kazi hana.

"Mama, kesho ndiyo nafasi yangu ya mwisho," Hidaya alimwambia.

"Mungu atakusimamia, mwanangu," Bi Mwanamkasi alijibu, na alisema kwa moyo wake wote.

Alhamisi ikafika. Dakika ya sita Pekka akaganda, na msimamizi akaganda naye. Hidaya akasema liwalo na liwe, akaacha mlango wazi, akatoka mbio hadi sebuleni.

Meza tupu. Mama yake yuko kwenye kochi anachagua mchele.

"Mama! Ruta iko wapi?"

"Nimeihifadhi." Akaonyesha kwa kidevu kabati la vyombo vya wageni.

"Kabatini? Mama, naitumia!"

"Si umeshaunganisha? Nimekusikia kwa masikio yangu ukisema, 'Nimeunganisha.' Mtu akishajaza ndoo yake, bomba si linafungwa? Ukikaribia kumaliza naitoa, ujaze tena kesho. Ndivyo ninavyofanya kila siku."

Hidaya alishika kichwa. Wiki mbili! Fundi! Neno la siri! "Mama we! Hii si ndoo! Ukiifungia, mtandao haunifikii! Nipe ufunguo!"

Ufunguo ulikuwa umefundikwa kwenye pindo la kanga, na mafundo ya Bi Mwanamkasi mnayajua. Hidaya alilifungua fundo kwa meno. Ndani ya kabati kulikuwa na sinia tatu za shaba, nyuma ya sinia mabakuli, na nyuma ya mabakuli kile kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, kinachotolewa siku ya Idi tu. Ndani ya kitambaa, ruta, antena zimelazwa, waya umepitishwa kwenye tundu la nyuma. Akaibeba, akaitua mezani.

Mara kutoka chumba cha mwisho ikaja sauti ya mzee: "Mwalimu? Mwalimu, wewe ni hapa?"

"Nipo, Pekka!" Hidaya akajibu huku anakimbia. "Na tunasema, 'Upo?'"

Msimamizi akacheka, somo likafika mwisho, na kazi ikapona.

Hidaya alirudi sebuleni bado anafoka. "Habari ya ndoo nimeisikia. Sasa niambie, kitambaa cha Idi cha nini?"

Bi Mwanamkasi hakuinua macho kwenye ungo. "Sinia alininunulia baba yako. Kabati nilipewa na mama yangu. Kitu alicholeta mwanangu kwa kazi ya mikono yake ni hicho tu. Nikiache uchi, kiingie vumbi na macho ya watu?"

"Kazi? Si unasema nakaa na kuongea?"

"Nawaambia watu hivyo wasikuhusudu. Mimi najua ni kazi. Najivunia wewe, Hidaya. Tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza! Na mimi niko chumbani humo nalia, nadhani unanionea haya? Mama, cha kabatini hakifiki chumbani."

Bi Mwanamkasi akaweka ungo chini, akachukua kile kitambaa cha Idi, akakitandika mezani, ruta akaiweka juu yake. Hidaya alipokwisha kurudi chumbani kwake, jirani akapiga hodi kuomba kibiriti, na kabla hajaketi, Bi Mwanamkasi alimwonyesha meza.

"Umekiona hicho? Kaleta mwanangu. Mwanangu ni mwalimu!" Alisema kwa sauti kubwa mno, na jirani yule alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Huko chumba cha mwisho, Hidaya alisikia kila neno.

Jirani mwenyewe ni mimi. Kibiriti nilisahau, lakini maneno ya Hidaya nilipohadithiwa nikaondoka nayo, nikayapeleka mtaa mzima. Kwa hiyo achaneni na nyama ya friji. Nendeni mkawaambie mama zenu mnachowawekea moyoni, maana cha kabatini hakifiki chumbani.