Kifuniko cha Mdhamini

Waliosema "mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni" hawakutuomba tupendane. Walitujua vizuri mno. Walijua kwamba binadamu anaweza kumnunia jirani yake miaka nenda miaka rudi, kisimani na kanisani, na jua bado likachomoza. Walichokataa ni kumchukia mtu kisha ukamnyang'anya na kile alichokitenda kwa mikono yake mwenyewe. Hapo chuki inageuka wizi, na wizi wa namna hiyo hausahauliki, hata kama hakuna aliyeuandika mahali popote.

Domitille wa mtaa wa Nyamianda alikuwa fundi cherehani, lakini moyo wake ulikaa jikoni. Kila Jumamosi, umeme ukijalia, alikwenda kwa jirani yake Annie, mwenye televisheni, kutazama mashindano ya upishi. Wanawake walijazana mkekani kama ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye kikapu, wakagombana na ekrani.

"Ee, mutazame huyo, kitunguu iko inaungua!" Annie angepiga kelele.

"Anakusikia basi?" mwingine angejibu. "Muache aunguze, atoke."

Domitille hakugombana na mtu. Alitazama tu, kidevu mkononi. Katika nchi hii shefu ni bwana wa ofisini, unayemngoja kwenye benchi tangu asubuhi mpaka akumbuke kwamba upo. Pale kwenye ekrani shefu alikuwa mwanamke mwenye aproni, jasho kwenye paji la uso, harufu ya kitunguu vidoleni. Na jaji alisimama mbele yake akamwuliza, "Kwa nini umefanya hivi?" Kisha watu wote wakanyamaza kungoja jibu. Domitille alikuwa amepika miaka ishirini na sita, akapikia wakwe, arusi na matanga. Walikula, wakalamba vidole, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza kwa nini.

Kwa hiyo kipindi cha Mpishi wa Ziwa kilipokuja Uvira kutafuta wapishi wa nyumbani, yeye alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Akapita duru ya kwanza kwa samaki wa mukeke wa kuchoma, akapita ya pili kwa maharage na ndizi. Sasa ilikuwa finali, na mshindi angekwenda Kinshasa, kwenye mashindano ya nchi nzima, kuwakilisha pwani yote ya ziwa. Walikuwa wamebaki wawili tu. Wa pili alikuwa Keza.

Keza alikuwa muuza ndagala wa mtaa wa Rugenge, mzaliwa wa bonde la Ruzizi, mwenye kusema Kirundi nyumbani na maneno machache kila mahali. Miaka minne iliyopita, kwenye matanga, mbele ya wafiwa na katekista, alionja maharage ya Domitille akasema kwa sauti, "Haya bado yako shambani." Watu walicheka kwenye msiba! Tangu siku hiyo wawili hao hawakupikika chungu kimoja. Wakikutana njiani, kila mmoja aliona kitu cha kutazama ng'ambo ya pili.

Jumamosi ya finali ukumbi ulifurika. Kipindi kilirushwa moja kwa moja. Jaji mkuu alikuwa Bwana Gédéon, aliyepika katika hoteli za ng'ambo muda mrefu hata Kiswahili chake kikawa kinatembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Pembeni alisimama Déborah, mkuu wa kipindi, kalamu sikioni.

"Mama zangu," akasema Gédéon, "leo ni sombe, majani yetu ya muhogo, na ndagala. Muda wenu ni saa moja na nusu. Na sharti ni moja tu: sufuria zifunikwe kwa vifuniko vya mdhamini wetu." Akainua kifuniko cha kioo, chenye jina la kampuni kwa herufi nyekundu. "Mdhamini akila, nasi tunakula."

"Saa moja na nusu, sombe?" Keza akauliza.

"Wenzako mjini wanapewa saa moja."

"Basi wanakula majani."

Ukumbi ukaangua kicheko. Domitille hakucheka. Alikuwa amechukua jani kutoka kwenye rundo lililoletwa na watu wa kipindi, akaliuma kidogo, akatema mkononi. Chungu! Yalikuwa majani ya ule muhogo mchungu ambao watu huupanda ili wezi na nguruwe wauogope. Akainua macho, akamwona Keza naye anatema.

Majani hayo hayachezewi. Kila mama wa pwani hii anajua kwamba sombe ya muhogo mchungu huchemshwa sufuria ikiwa wazi, sumu iondoke na mvuke, na pua ikiacha kuchomwa ndipo mawese na samaki huingia. Domitille alijua kuliko wengi. Mwaka wa kukimbia vita, alipokuwa na miaka kumi na miwili, watu walijificha milimani. Waliogopa moshi, wakaogopa harufu, wakafunika sufuria na kuzima moto kabla ya wakati. Mdogo wake Generose alikula akashiba, na kesho yake hakuiona saa sita. Waliouawa kwa risasi, pengine yuko mtu mahali aliyewahesabu. Waliouawa na kifuniko walihesabiwa na mama zao tu.

Lakini Kinshasa ilikuwa inamwita. Domitille akapiga moyo konde, akajipangia: kamera ikija nitafunika, ikiondoka nitafunua. Mdhamini atashiba, na sombe itaiva. Nani atajua?

Wakatwanga. Michi ilipanda na kushuka. Wakabandika. Kamera ikaja, Domitille akafunika, akatabasamu. Kamera ikaondoka, akafunua. Ikaja tena, akafunika tena. Ila safari hii haikuondoka. Keza alikuwa ameipa mgongo, wakati Domitille alikuwa na uso mchangamfu na kitenge kilichoshonwa kwa mkono wake mwenyewe, basi kamera ikamganda kama kupe. Zikapita dakika tano. Zikapita kumi. Ndani ya kioo mvuke ulikusanyika ukawa matone, matone yakateremka na kurudi sufuriani. Kila tone lilimwangukia moyoni. Akanyoosha mkono kwenye kishikio.

"Uache, mama," Gédéon akamnong'oneza. "Mvuke huo unapendeza mno kwenye ekrani."

Domitille akarudisha mkono.

Meza ya pili, kifuniko cha Keza kilikuwa chini sakafuni. Gédéon alikiokota mara tatu, na mara tatu Keza alikirudisha kilikotoka.

"Mama Keza, sharti ni sharti."

"Kifuniko yako ni nzuri, Shefu. Peleka kwako, bibi afurahi."

Wachache wakacheka. Lakini Gédéon alipokunja uso, ukumbi nao ukakunja, maana watu wengi hukunja uso wanapomwona mkubwa amekunja wake.

"Mubishi huyo!" sauti ikatoka nyuma. "Arudi bondeni kwao!"

Domitille aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya Annie. Na tuseme ukweli wote: iliingia masikioni mwake tamu kama asali.

Zilipobaki dakika ishirini, akatia mawese na ndagala, ingawa sehemu kubwa ya muda kifuniko kilikuwa kimekaa juu. Alipokiinua, mvuke ulimpiga puani ukamchoma. Akaongeza moto. Moto hauongezi muda.

Kengele ikalia.

Sahani ya Domitille ilikuwa ya kupigwa picha: kijani kibichi, ukingo wa mawese mwekundu, ndagala zimelala juu kama zimepangwa na malaika. Keza alikunja mikono.

"Haijaiva," akasema. "Sitoi."

Gédéon akaonja ya Domitille kijiko kimoja, akafumba macho. "Hii ndiyo sombe!" Kisha akaenda kwa Keza, akainamisha sufuria mbele ya kamera. Ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya majivu, hakina mafuta, hakina samaki. "Mnaona? Hii ni kazi ya mtu mkaidi. Ni uvivu, wapenzi watazamaji. Anapewa kila kitu, hata kifuniko, na bado anashindwa."

Ukumbi ukazomea. Keza alifungua kinywa, lakini hasira ilipompanda maneno yake yalikimbilia Kirundi, na watu wakazidi kucheka. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, macho chini, kama mtu anayengoja mvua ya mawe ipite.

"Mshindi wetu ni Domitille!"

Vigelegele vikapaa. Watoto wa kwaya wakajipanga na sahani zao, kwa kuwa desturi ya kipindi ilikuwa watoto wale sufuria ya mshindi, na Déborah mwenyewe akashika upawa. Gédéon akamletea Domitille kipaza sauti.

"Shefu Domitille!" Alisema shefu! "Maelfu wanakutazama majumbani, na kesho watapika kama ulivyopika. Waambie: kwa nini ulifunika sufuria?"

Ukumbi mzima ukanyamaza. Walikuwa wanangoja jibu lake.

Jibu alikuwa nalo, tena laini kama siagi: kifuniko kinatunza rangi, kinapunguza matumizi ya makaa. Mdhamini angepiga makofi. Na kesho, kuanzia kijiji cha Makobola mpaka bondeni, akina mama waliomwamini wangefunika sufuria zao. Akamwona mtoto wa kwanza kwenye mstari anainua sahani, na upawa wa Déborah umeshajaa.

"Rudisha," akasema.

"Nini, Shefu?"

"Rudisha hiyo upawa! Watoto wasile." Akawapungia watoto warudi nyuma. "Majani haya ni ya muhogo mchungu. Nimeyajua tangu nilipoyauma. Nimefunika kwa sababu nilitaka kwenda Kinshasa. Ndiyo sababu yangu. Sina nyingine."

Gédéon akacheka kicheko cha meno tu. "Mama yetu anapenda utani..." Akavuta kipaza sauti. Domitille akakishika kwa mikono miwili.

"Sijamaliza. Umeniuliza kwa nini, basi ngoja jibu!" Akageukia meza ya pili. "Huyu Keza simpendi. Mtaa wote unajua, na Mungu anajua. Leo mumemuzomea, na minye mwenyewe nimefurahi. Lakini kwenye meza hizi mbili, aliyepika ni mmoja tu. Weye, Shefu, umemwita mvivu kwa sababu amekataa kulisha watoto sumu. Ushindi ni wake. Mutu asimwibie."

"Kata! Kata kamera!" Gédéon akapaza sauti.

Kamera haikukatwa. Déborah alikuwa ameinua mkono kuzuia isikatwe. Akamwaga upawa ndani ya ndoo, akamimina sufuria nzima juu yake, kisha akamwendea Keza.

"Mama, inahitaji muda gani?"

"Saa nzima," Keza akajibu. "Bila kifuniko."

"Tutangoja."

Gédéon alikuwa ameshika tumbo, uso umempauka. "Na minye? Nilikula kijiko kimoja..."

"Kijiko kimoja hakiui, Shefu," Keza akamwambia. "Kinafundisha."

Hapo hata watoto wa kwaya walicheka.

Wakangoja saa nzima, na hakuna aliyetoka. Sombe ilipoiva haikuwa na rangi ya kupigwa picha, lakini harufu yake iliwafikia hata waliokuwa barabarani. Déborah akaonja, akaonja tena. Kisha akatangaza jina la atakayekwenda Kinshasa, na halikuwa la Domitille.

Keza akapakua sahani, akaiweka mbele ya mpinzani wake.

"Sikukuomba unitetee."

"Sikukutetea weye. Nimetetea sombe." Domitille akaonja. "Imepungua chumvi."

"Basi usile."

Domitille akala mpaka sahani ikang'aa.

Mlangoni Annie alimngoja, amevimba kama andazi. "Yaani umetunyima Kinshasa kwa ajili ya mutu ambaye kesho hatakusalimia!"

"Na minye sitamsalimia."

"Sasa umepata nini?"

"Sikupata kitu. Nimeacha kuiba." Akamtazama jirani yake machoni. "Na weye, Annie, uliyepiga kelele arudi bondeni, ungekula sombe yangu ile? Ungempa mtoto wako?"

Annie akajifunga kitenge upya, akatangulia njiani.

Jumatatu wapishi wale wawili walipishana sokoni, kila mmoja akatazama upande wake. Waliowaona walishangaa, wakadhani jambo la Jumamosi lilikuwa maigizo ya televisheni. Hawakuelewa. Domitille hakumpenda Keza siku ile, na hampendi leo. Alikataa tu kusimama juu ya jasho lake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.