Pimbi Siwatu na Kamera Mpya ya Bwana Makeke

Nitupe, nisitupe?
— Tupa, tudake!
Yenye mifupa au isiyo na mifupa?
— Yoyote, meno tunayo!
Haya, fumbeni jicho moja. Hilo lingine niachieni mimi.

Alikuwapo pimbi mmoja, jina lake Siwatu. Na kweli hawakuwa watu, maana kwao walikuwa pimbi watupu: shangazi pimbi, mjomba pimbi, wote wanene kama mito ya kulalia. Siwatu aliishi na bibi yake, Bibi Mboza, katika pango la jabali refu, huko mlimani ambako ukungu hulala mpaka jua lichoke kuungoja.

Mbele ya pango lao palikuwa na jiwe bapa. Jua la kwanza la mlima mzima lilipiga hapo kabla ya kupiga penginepo. Jiwe likapata moto taratibu, kama kikaango, na Bibi Mboza akajilaza juu yake, tumbo chini, macho nusu, mpaka mifupa yake yote ikubali kuamka. Pimbi asipoota jua asubuhi, siku yake haianzi.

Siwatu alikuwa mpiga picha. Alikuwa na kamera ndogo, ile aina isiyo na kioo cha kuakisi ndani, kwa hiyo nyepesi, unaibana kwapani ukapanda mwamba nayo. Rangi ilikuwa imebabuka pembeni, na kitufe kimoja hakikubonyea mpaka ukibembeleze. Lakini ilifanya kazi. Harusi za kanga alipiga. Watoto wa paa alipiga. Kila mnyama aliyetaka kujua sura yake alipanda jabalini kwa Siwatu.

Basi, asubuhi moja Bibi Mboza akaamka, akasema:

"Mjukuu wangu, nimeota mbega."

"Mbega gani, bibi?"

"Wale wa ng'ambo ya bonde. Wanaruka katika ukungu, mabega meupe, mikia myeupe, hawasemi neno. Nilipokuwa msichana niliwaona kila siku nikiwa nimelala hapahapa. Sasa cha mbali sikioni, mpaka nikisogeze puani. Nataka niwaone tena, kabla macho haya hayajafunga duka."

"Nitawapiga picha, bibi. Nitawasogeza mpaka puani pako."

Siwatu akachukua kamera, akashuka ukingoni mwa bonde, akakaa. Ukungu umejaa, miti inaelea, dunia haina chini. Akaimba polepole:

*Ukungu, ukungu, fungua kidogo,*
*nina jicho moja, nalo ni dogo.*

Mbega wakaja. Ruu! Ruu! Ruu! Kamera ikaanza kuwatafuta: zii... zii... zii... Haikujua ishike nini, mbega mweupe au ukungu mweupe. Kacha! Akatazama. Uji mtupu.

Asubuhi ya pili akaenda tena, akakaa tena, akaimba tena. Ruu! Ruu! Zii... zii... Kacha! Uji wenye donge moja.

Asubuhi ya tatu akaenda tena, akakaa tena, akaimba tena. Mwanga mdogo, mkono ukatikisika. Kacha! Uji uliokorogwa.

Akampelekea bibi yake hivyo hivyo. Bibi Mboza akaisogeza kamera puani, akaitazama kwa muda.

"Siwatu, huyu ni mbega?"

"Ni mbega, bibi."

"Basi amenenepa."

Akageuka upande wa pili juu ya jiwe lake. Siwatu aliona ni afadhali angegombezwa.

Sasa chini ya jabali hilo aliishi nyani, jina lake Bwana Makeke. Nyani mkubwa, mabega mapana kama mlango, meno ya kutisha hata akipiga miayo. Shingoni alining'iniza kamera sita. Kila toleo jipya likitoka, lazima alipate. Na alilipata kwa kubadilishana: yeye akakupa kidogo, akachukua kingi, nawe ukashukuru kwamba hakukuuma. Na kwa kamera zote sita alipiga picha ya kitu kimoja tu. Yeye mwenyewe.

Lakini hakuwa na raha. Kamera mpya zina macho makali. Kila toleo jipya lilimwonyesha kunyanzi mpya. Ndipo akalitupa shingoni, akangoja lijalo, akitumaini kwamba lijalo litamwona vizuri.

Siku hiyo akapanda jabalini, pu! pu! pu!

"Hodi, wenye jiwe!"

"Karibu, Bwana Makeke," akaitika Siwatu.

"Shikamoo, Bibi Mboza."

"Marahaba, baba. Usinikanyage."

Bwana Makeke akajitandaza juu ya jiwe bapa, bibi wa watu akasukumwa mpaka ukingoni. "Ah! Jiwe tamu hili. Siwatu, nimesikia kamera yako inapika uji. Tazama hii. Jana tu imefika."

Akaitoa kwapani, ya saba. Ndogo vilevile, nyepesi vilevile, hata lenzi ni ile ile. Lakini hii, alisema, inashika kitu kabla hakijafikiri kukimbia. Mkono ukitetemeka, yenyewe haitetemeki. Betri yake hukaa kutwa, na skrini yake inang'aa kama kidimbwi.

"Unataka nini kwayo?" akauliza Siwatu.

"Jiwe."

"Jiwe gani?"

"Hili nililolikalia. Nyinyi mtahamia upande wa kivuli. Kuna pango zuri kule, lina... lina utulivu."

"Na kamera yangu ya zamani, huitaki?"

"Hiyo? Takataka hiyo!"

Siwatu akaomba aachwe afikiri. Bwana Makeke akasogea kando, akajikuna. Bibi Mboza akamwita mjukuu wake karibu.

"Kamera yako harusi inashika?"

"Inashika, bibi."

"Watoto wa paa inashika?"

"Inashika, bibi."

"Basi mpya ya nini?"

"Ukungu, bibi. Ukungu haiushiki."

Bibi Mboza akapapasa jiwe lake. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Nawataka mbega wangu, sikufichi. Lakini upande wa kivuli mifupa hii haitaamka, mwanangu. Nitawaona mara moja, halafu basi."

Siwatu akaipangua hesabu akilini, akaipanga, akaipangua. Apate kamera, bibi apoe. Bibi apate joto, mbega wapotee. Akamrudia Bwana Makeke.

"Bwana mkubwa, mnunuzi hujaribu kwanza. Niachie yako asubuhi moja tu, nawe kaa na yangu kama rehani."

Bwana Makeke akacheka kimoyomoyo. Aliwajua wanaojaribu, hakuna arudishaye. "Chukua," akasema.

Kulipokucha Siwatu akaenda tena, akakaa tena, akaimba tena:

*Ukungu, ukungu, fungua kidogo,*
*nina jicho moja, nalo ni dogo.*

Ruu! Mbega wa kwanza akatoka kwenye weupe kama fikra. Ruu! Wa pili. Ruu! Wa tatu, mikono wazi, hana tawi mbele wala nyuma. Kamera haikutafuta. Tik! Imeshika. Kacha!

Siwatu akapanda mbio. Bibi Mboza akaisogeza skrini puani. Akatazama. Akatazama tena. Jua likafika juu ya jiwe, naye bado anatazama.

"Huyu wa tatu," akasema, "ana mtoto kifuani."

"Wapi, bibi?"

"Hapa. Mweupe pepepe. Nilikuwa nimesahau, Siwatu. Watoto wao huzaliwa weupe wote, weusi huja baadaye. Nilikuwa nimesahau kabisa." Na machozi yakamdondoka juu ya skrini, akayapangusa kwa manyoya yake. Alipomaliza akasema: "Kamera hii isirudi."

"Na jiwe, bibi?"

"Jiwe lisiondoke."

"Vyote viwili?"

"Mimi mzee. Sina muda wa kuchagua."

Siwatu akashuka na kamera mpya kwapani, hajui atasema nini. Chini ya jabali akamkuta Bwana Makeke katika ukungu. Amekaa, ameishika ile kamera ya zamani mbele ya uso wake. Kwanza anaisogeza mpaka mdomoni, anachungulia ndani ya lenzi kama aliyepoteza kitu humo, anahema: haaa! Kisha anainyoosha mbali. Kacha! Kisha anatazama, mdomo wazi.

"Huyu nani?" alikuwa akinong'ona. "Huyu kijana nani?"

Siwatu akanyata, akachungulia nyuma ya bega lake. Alikuwa Bwana Makeke, lakini laini. Kunyanzi hakuna. Chunusi hakuna. Ndevu kama wingu la asubuhi, macho kama ya mtu anayeota. Siwatu akaitazama lenzi. Lenzi imejaa mvuke wa pumzi ya nyani. Moyo wa Siwatu ukamwambia: tulia hapohapo.

"Bwana Makeke, nimerudisha. Nipe yangu niende."

"Subiri kidogo. Kamera hii umeitoa wapi?"

"Si takataka tu? Wewe mwenyewe umesema."

"Takataka? Nilisema takatifu! Masikio yako yana manyoya mengi."

Siwatu akaipokea kamera yake, na wakati anaipokea akaipitisha lenzi kwenye manyoya ya tumbo. Swaa! Ikatakata. "Lakini siiuzi," akasema. "Nimekua nayo."

Loo! Bwana Makeke akasimama. Jabali likapata kivuli. "Huuzi? Basi nitachukua zote mbili, na jiwe pia! Utanifanya nini, kitumbua wewe?" Akampokonya, pwap! Siwatu akabaki mikono mitupu. Meno yale yalikuwa karibu, na yalikuwa manne yenye urefu wa kidole.

"Chukua, bwana," akasema, sauti ikitetemeka kweli. "Ila kamera hii ikinyang'anywa hujua."

"Kamera ijue nini!" Akaigeuzia usoni. Kacha!

"Wahuu!"

Kunyanzi zote zimerudi, na ndugu zao. Chunusi imerudi. Kupe watatu wamekaa ndevuni wanapunga upepo, na ganda la hindi limesimama kwenye jino. Akapiga tena. Kacha! Kupe wa nne.

"Imekasirika!" akalia Bwana Makeke.

"Imekasirika."

"Itulize!"

"Haitulii mpaka irudishwe kwa adabu."

Bwana Makeke akatazama huku na huku, kama kuna aonaye. Akasema kwa pua: "Shika."

"Haisikii hiyo."

"Shika, tafadhali."

"Kidogo tena."

"Naomba uishike, dada Siwatu. Nimekosa."

Siwatu akaishika. Akagusa kile kitufe kibovu, akakibembeleza kwa mara ya mwisho, na hapo hakuwa akidanganya. Harusi zote zile. Kisha akaileta mdomoni, akanong'ona karibu kabisa na lenzi: "Haaa... msamehe, haaa... si mbaya sana." Akaigeuza. Kacha!

Kijana akarudi. Ndevu wingu, macho ndoto.

Bwana Makeke akaketi chini. "Unataka nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya pimbi.

"Mpya ibaki kwangu. Jiwe libaki kwa bibi. Na nyani asilikalie tena hata kwa mzaha."

Nyani akaitazama kamera mpya, toleo la juzi tu, akameza mate. Akaitazama ile skrini ya zamani. "Chukua."

"Na masharti yake uyashike. Kila kabla ya kupiga, isogeze mdomoni, fungua mdomo, sema nayo maneno ya upole."

"Maneno gani?"

"Yoyote, mradi yawe ya moto."

Wakaachana. Kamera sita za shingoni Bwana Makeke akaziacha mtini, hakurudi kuzichukua. Kila asubuhi alionekana chini ya jabali akinong'ona: haaa, mpenzi, haaa, samahani kwa jana, haaa, asante. Mkewe mwanzoni alidhani ni homa. Lakini kiangazi hakijaisha, siku moja Bwana Makeke akamwambia mkewe, "Naomba unisogezee hilo hindi, tafadhali," na hakukuwa na kamera mkononi. Mkewe akaangusha hindi.

Na juu ya jiwe bapa Bibi Mboza alijilaza tumbo chini, kamera mpya puani, mjukuu ubavuni. Siku nyingine alitazama, siku nyingine alisinzia katikati ya kutazama, na mbega wakaendelea kuruka bila kuanguka. Macho yake yalifunga duka mwaka ule ule, mvua zilipoanza. Wakati huo Siwatu aliacha kumsogezea skrini, akawa anamwambia tu: "Wa tatu ndiye mwenye mtoto, bibi." Naye bibi akasema: "Najua. Namwona."

Basi, wasikilizaji wangu, mmejifunza nini? Mmejifunza kwamba kamera ya zamani inatosha, na anayetamani mpya hujitafutia balaa. Siwatu alitamani mpya, akaipata, akaishi vizuri. Lakini hilo lisiwasumbue. Mmejifunza pia kwamba udanganyifu haulipi. Ukiona umelipa, na aliyedanganywa amenufaika, na mkewe amefurahi, ujue hukungoja vya kutosha.

Hapa mate yameniishia. Mwenye ngano yake akohoe, nimpishe.