Masika ya Nyati

"Jamani, mpo?"
"Tupo!"
"Mmekuja na masikio?"
"Tumekuja nayo, tupe!"

Basi, palikuwa na bwawa moja tu, na palikuwa na Nyati. Nyati akawaambia wanyama, "Kiangazi, bwawa ni langu. Masika, ni la wote." Wanyama wakakubali, maana alisema huku ameinamisha pembe.

Kiangazi kikawa kirefu. Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini, alikuwa na binti mmoja, Siwema. Siwema akaanza kukauka midomo.

Mara mvua, to! to! to! Pimbi akakimbia bwawani.

"Shikamoo, Bwana Nyati. Masika yameingia."

"Masika ni nini?"

"Ni mvua, Bwana."

"Masika ni mvua inayonilowesha mgongo. Wangu mkavu huu. Nenda!"

Pimbi akaenda. Mvua ikarudi, chwaa! chwaa! Ardhi ikainywa yote, lakini mgongo wa Nyati ukalowa chepechepe. Pimbi akakimbia bwawani.

"Bwana, mgongo umelowa."

"Nani alisema mgongo? Masika ni maji yakifika kwenye pembe zangu. Nenda!"

Pimbi akaenda. Akamkuta Siwema amekwisha kufa, ulimi nje.

Akamzika. Halafu akatazama milimani: kweusi kote, radi zinapiga. Akarudi bwawani, mpole kabisa.

"Bwana, nimekubali, bado ni kiangazi. Ila wenzangu wanakucheka. Wanasema kiangazi ulikuwa ukilala korongoni, kwenye mchanga, na sasa unaogopa maji."

"Mimi? Niogope?"

Nyati akashuka korongoni, akajitupa mchangani, pu!

Maji yakaporomoka kutoka milimani, gurururu! Yakamfika magotini, yakamfika tumboni, yakamfika shingoni.

"Pimbi! Waite tembo wanitoe! Masika haya!"

"Bado, Bwana. Pembe naziona kavu."

Nyati akazama, pembe na vyote.

Wanyama wakanywa, wakacheza, wakambeba Pimbi juu juu mpaka kwake. Mkewe alikuwa amekaa mlangoni. Hakuinuka.

"Baba Siwema," akasema, "akili hiyo juzi ilikuwa wapi?"

 

Ngano yangu imekomea hapo, aliyeipenda aende nayo, aliyeichukia aniachie. Na funzo lake, wanangu: mkubwa akikufundisha maana ya neno, msikilize kwa adabu, wala usimharakishe. Masika hayamkimbii mtu.

"Mmesikia?"
"Tumesikia!"