Siku Tuliyomwonyesha Mbazi Ndama

Aliyeagwa hulia mara moja. Haya, mnanitazama nini? Mmenisikia nikimfokea Eliwaza hapo nje, sasa mnataka kujua msemo huu nimeutoa wapi. Mjukuu wangu anarudi chuoni, mtoto anatuachia sisi, nami nimemkuta ananyata nyuma ya jiko, viatu mkononi, ili mtoto asimwone! Kaeni chini, na wewe zima hiyo simu. Msemo huu ulizaliwa nikiwepo, na mkono wangu umo. Mambo yalianza hivi.

Nilikuwa na miaka tisa. Dada yangu Nakundwa alikuwa amefiwa na mume, akarudi nyumbani kwetu huku milimani Upare na mwanawe Mbazi, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mwaka huo njaa iliingia. Dada akapata kazi katika shamba la mkonge kule tambarare, lakini watoto hawakuruhusiwa kambini, kwa hiyo ikabidi Mbazi abaki na sisi.

Siku hizo kwetu mtoto mdogo haagwi. Wazee walisema kuaga ni kwa anayekufa, na mama akimuaga mtoto anajiitia kaburi. Basi mama akitaka kuondoka, mtoto huonyeshwa kitu, akigeuka, mama anapotelea migombani. Wote walifanya hivyo, wala hakuna aliyeona vibaya.

Asubuhi ile mama yetu aliniita. "Mpeleke Mbazi zizini akatazame ndama."

Nikampeleka. Ndama alikuwa amezaliwa juzi tu, miguu inamtetemeka. "Tazama, Mbazi! Tazama ndama!" Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikatupa jicho pembeni, nikaona kitenge cha dada kikiteremka kwenye migomba. Nikazidi kumwonyesha ndama. Nilijiona mjanja, Mungu anisamehe.

Tuliporudi ndani akaita, "Mama." Akatazama nyuma ya mlango, chini ya kitanda, ndani ya kikapu cha mahindi, kisha akarudi tena nyuma ya mlango. Hapo ndipo alipoanza kulia. Jamani, kile kilio! Alilia siku tatu mpaka sauti ikakauka, na hata baada ya hapo kila asubuhi alianza upya, kana kwamba ameachwa leo. Uji aliutema. Nikitaka kwenda kuchota maji, alinikamata gauni kwa mikono miwili, na hata chooni nilikwenda naye.

Lakini lililoniumiza zaidi ni hili: hakutazama tena. Ukimwambia, "Mbazi, tazama ndege yule," hageuzi shingo. Anakukazia macho wewe, na kukushika. Alikwisha kujua kwamba yeye akigeuka, mtu anaondoka.

Dada alirudi baada ya miezi minane. Alipanda mlima karibu anakimbia, na kishati kipya mkononi. Mbazi akajificha nyuma yangu.

"Njoo, mwanangu. Ni mimi mama yako."

Mtoto akazidi kuning'ang'ania gauni.

Dada akamgeukia mama. "Mlimwambia nini mwanangu?"

"Hatukumwambia kitu."

"Wala mimi sikumwambia," dada akasema. Akaketi palepale uani, akalia, kishati kikiwa mapajani.

Hakurudi tena mkongeni. Siku ya tano Mbazi alimsogelea, akashika pindo la kitenge chake, na hakuliachia kwa miaka. Mama anakwenda mtoni, yumo. Kanisani, yumo. Wenzake wakamwita mkia. Shuleni alikwenda akilia hadi darasa la tatu. Dada hakumchapa wala kumkemea hata siku moja, ila kuimba aliacha, naye alikuwa mwimbaji.

Mbazi akakua, akaoa, akapata watoto, mvi zikaota. Ukimwonyesha kitu barabarani bado alikutazama wewe kwanza. Kisha dada akaugua, na tulijua hataamka. Jirani mmoja, kwa nia njema, akamwambia Mbazi, "Hebu toka nje kidogo, ukatazame ng'ombe wako kama wamepewa majani."

"Sitoki," Mbazi akasema.

Dada akafungua macho. "Mwacheni. Mbazi, safari ile niliondoka kama mwizi."

"Yamepita, mama."

"Hayajapita. Leo nakuaga. Mimi nakwenda, na safari hii sirudi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Haya, baki salama, baba."

Alikufa mchana huohuo. Mbazi alilia, mtu mzima yule, alilia kwa sauti mpaka majirani wakajaa uani. Kisha akanawa uso, akachukua jembe, akaenda kuwaonyesha vijana mahali pa kuchimba. Sisi tulimwogopea. Tulidhani huyu sasa atavunjika. Siku ya nne ya matanga nikamuuliza mbele za watu, "Unalala, mwanangu?"

"Nalala, mama mdogo. Ile ya ndama nimeilia maisha yangu yote. Hii nimeilia mara moja. Aliyeagwa hulia mara moja."

Waliokuwa matangani wakalisikia neno hilo, wakaondoka nalo. Mimi nilibaki nimekaa mkekani. Nikamwambia, "Mbazi, ndama nilikuonyesha mimi." Nilikuwa sijawahi kumwomba radhi, miaka yote hiyo. Akanishika mkono, akakaa nami mpaka chai ikaletwa.

Sasa wewe Eliwaza, usijifanye unafuta vumbi machoni. Weka begi chini. Vaa viatu vyako, hapa haondoki mtu kwa kunyata. Mchukue mwanao, mtazame usoni, mwambie unakwenda wapi na utarudi lini. Hajui maneno? Uso wako anaujua. Atalia, ndiyo, mwache alie, na wewe ukitaka lia naye. Aliyeagwa hulia mara moja.