Farasi, Ngamia na Kinu cha Bi Mbarika

Paukwa!

Pakawa!

Kinu kililia, na mtungi ukajaa. Aliyekisikia kinu alipiga makofi. Aliyeutazama mtungi alinyamaza. Sogeeni basi, wadogo mlioketi mbele, na ninyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi. Njia ya hadithi hii ni ya mviringo, lakini hatutapotea.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na miji yao na viwanda vyao, palikuwa na mji ulioitwa Mashuduni. Uliitwa hivyo kwa sababu ya mashudu, yale makapi ya ufuta yanayobaki mafuta yakishakamuliwa. Katika mji huo kila mnyama alipakwa mafuta ya ufuta kabla ya masika. Kwa nini? Kwa sababu masika yalikuja na mbung'o. Zzzz! Mbung'o akimuuma mkubwa, mkubwa huugua. Akimuuma mdogo, mdogo hufa. Lakini kwenye mwili uliopakwa mafuta, mbung'o hutua akateleza, hutua akateleza, mwisho hukata tamaa akaenda zake.

Kinu cha mji, kile cha kukamulia ufuta, kilitunzwa na Bi Mbarika, mbuzi jike mwenye ndevu nyeupe na maneno machache. Na mji ulikuwa na desturi: mtunza kinu na watoto wake hupakwa mwisho, wengine wote wakishapakwa. Walisema mpishi hatangulii kula. Desturi njema. Lakini mwaka uliotangulia, Maksai mzee aliyekuwa akikivuta kinu aliishiwa na nguvu. Mafuta yakaisha kabla ya mstari kuisha. Masika yakaingia, zzzz, na Bi Mbarika akamzika mwanawe.

Sasa alikuwa na mwana mwingine, jina lake Tulizo, mdogo, miguu yake kama vijiti. Maksai hakuwepo tena. Bi Mbarika alikitazama kinu, akamtazama Tulizo, akajiuliza, "Nani atakivuta mwaka huu, mafuta yafike mwisho wa mstari?"

Mbiu ikapigwa. Wakaja wawili.

Wa kwanza alikuwa Farasi. Manyoya yanang'aa, shingo imepinda, kwato zinasema ko-ko-ko-ko. Wa pili alikuwa Ngamia. Alikuja taratibu, akitafuna, na hakuna aliyejua alianza kutafuna lini.

Farasi akamtazama, akacheka. "Ndugu yangu, huo mzigo mgongoni ulisahau kuushusha?"

"Ni akiba yangu," akasema Ngamia. "Yako umeiweka wapi?"

"Mimi sina haja ya akiba. Mimi nina mbio."

"Haya. Mbio nazo zinaliwa?"

Wanyama wakaangua kicheko. Jogoo, mpiga mbiu wa mji, akaruka juu ya uzio. Jogoo huyu alipenda sauti kuliko mtama. "Nyamazeni!" akasema. "Mnajua jinsi ya kupima mvuta kinu katika mji huu. Tulifanya hivyo kwa Maksai, na babu zetu walifanya hivyo kabla yake. Kinu kinacholia sana ndicho kinachofanya kazi. Tutafumba macho, tutasikiliza, tutachagua."

Ndivyo walivyofanya wanyama wa Mashuduni. Walipima kazi kwa masikio.

Farasi akafungwa kwenye boriti, ule mti mrefu unaokizungusha kinu. Akavikwa vifuniko vya ukindu machoni, kama ilivyo ada, ili asishikwe na kizunguzungu. Akaondoka. Ko-ko-ko-ko! Kinu kikalia kwiii! Kwiii! Kwiiiii! Sauti ikafika mtoni, ikarudi.

"Mashallah!" wakasema wanyama, wamefumba macho.

Akaja Ngamia. Du. Du. Du. Kinu kikasema ng'oo... kikatulia... ng'oo...

"Ameanza?" akauliza Jogoo.

"Nimeshazunguka mara kadhaa," akajibu Ngamia.

"Hatukusikia. Ambacho hakikusikika hakikufanyika. Farasi amechaguliwa!"

Wakashangilia. Ngamia hakubisha. Akakunja magoti, akalala chini ya uzio, akaendelea kutafuna.

Kazi ikaanza. Tuseme kweli, wenzangu, maana hadithi isiyo na haki kwa adui haina haki kwa yeyote: Farasi alifanya kazi. Asubuhi jua halijapanda, mtungi wa kwanza umejaa. Mafuta yalitiririka, chururu-chururu. Bi Mbarika alifurahi, akasema, "Ahsante, mwanangu."

"Nipe nyasi, mama," akasema Farasi.

Akapewa. Akala. Akazunguka. Ko-ko-ko-ko! "Nyasi tena, mama." Akapewa. Jua likapanda. Mwili wa Farasi ukapata moto, jasho likamtoka, mvuke ukafuka mgongoni kama chungu cha maharage. Mwendo ukapungua. Ko... ko... ko...

"Mbona unapunguza?" akauliza Bi Mbarika.

"Nimepata joto. Nikipata joto lazima nipunguze, nisije nikaanguka. Nitafutie wa kunipepea."

Akaitwa Ngiri. Ngiri akaja na jani la mgomba mdomoni, akapepea. Fuu! Fuu! Fuu! Farasi akapoa kidogo, akakimbia kidogo, akapata joto tena.

"Haitoshi. Nimwagieni na maji."

Ngiri akatupa jani chini. "Bi Mbarika, mimi nilikuja hapa kupakwa mafuta. Sasa nimekuwa upepo, na unataka niwe mvua pia?"

"Baba Ngiri, nisaidie," akasema Bi Mbarika. Ngiri akanung'unika, akaenda kisimani, akarudi na ndoo. Mwaa! Akapepea. Fuu! Akarudi kisimani. Ikawa kazi ya Farasi ni kuzunguka kinu, na kazi ya Ngiri ni kumzunguka Farasi.

Jioni Farasi akavuliwa vifuniko vya macho. Akatazama huku na huku, akihema. "Nimekimbia sana leo. Nimefika wapi?"

"Umefika ulipoanzia," akasema Ngamia kutoka chini ya uzio.

Siku zikapita hivyo. Kinu kinalia kwiii, Jogoo anatingisha kichwa kwa furaha, mji unasifu. Lakini Bi Mbarika hakuwa mtu wa kusikiliza tu. Asubuhi moja aliingia katika ghala la nyasi kavu. Nyasi hizo ndizo zilizovunwa kiangazi kilipoanza, na nyingine hazitaota mpaka mvua. Akatazama. Nyasi zilizokuwa zikigusa dari zilikuwa zimeshuka chini ya dirisha. Akatoka, akaitazama mitungi. Iliyojaa ilikuwa michache, mitupu ilikuwa mingi. Akaenda kisimani, akatupa jiwe dogo. Zamani lilisema chubwi. Leo lilisema pwa, likagonga tope.

Akaketi. Akalitazama ghala, akaitazama mitungi, kisha akamtazama Tulizo akirukaruka juani. Akaelewa. Nyasi zitaisha kabla ya mafuta. Nyasi zikiisha, hakuna atakayevuta. Na mstari utakatika palepale ulipokatika mwaka jana.

Akamwita Jogoo. "Nataka tuwapime upya."

"Kwa nini? Kinu hakilii?"

"Kinalia sana. Ndiyo maana nina wasiwasi."

"Bi Mbarika, unazeeka. Tulishapima, kwa masikio, kama babu zetu."

"Mwaka jana mlipima kazi ya Maksai hivyo hivyo," akasema Bi Mbarika, "na mlisikia kila kitu. Mwanangu mlimsikia?"

Jogoo akainamisha kishungi chake. 

"Basi safari hii," akasema Bi Mbarika, "kila mmoja apewe tita moja la nyasi na ndoo moja ya maji. Avute mpaka viishe. Kisha tufumbue macho, tuitazame mitungi."

Mji mzima ukakusanyika. Farasi akatangulia, maana hakuogopa, na kwa kweli hakuwa na sababu ya kuogopa mbio. Ko-ko-ko-ko! Kwiiiii! Akala, akakimbia, akafuka moshi. Ngiri akapepea. Fuu! Ndoo ikamwagwa mgongoni, ikaisha. Tita likaliwa, likaisha. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Mtungi mmoja umejaa, wa pili umefika nusu. Wanyama wakapiga makofi. "Nani atafikia hapo kabla ya adhuhuri?"

"Hakuna," akasema Ngamia. "Mimi sitafika."

Akasimama kwa sehemu sehemu, kama wafanyavyo ngamia: kwanza nyuma, kisha mbele, kisha shingo. Akafungwa. Akang'ata nyasi kidogo, akameza, akanywa maji kidogo. Du. Du. Du. Ng'oo... ng'oo...

Adhuhuri ikafika, mtungi wake wa kwanza haujajaa. Farasi akatabasamu. Ngiri alisimama na jani lake tayari. "Nipepee?" akauliza.

"Pumzika, baba," akasema Ngamia. "Sina joto."

"Kweli?"

"Kweli. Lala."

Ngiri akalala. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala mchana tangu msimu uanze, akakoroma kuliko kinu. Wanyama wakachoka kutazama. Mmoja akaenda shambani, mwingine akaenda mtoni. Jogoo akasinzia juu ya uzio. Du. Du. Du. Ng'oo... Ngamia akala kidogo, akacheua, akakitafuna tena kile alichokwisha kula. Alasiri ikaja, usiku ukapita, na alasiri ya pili ikaja. Jogoo akashtuka. "Kinu kimesimama! Hakilii!"

"Njoo utazame," akasema Bi Mbarika.

Jogoo akaruka chini. Mtungi wa kwanza umejaa. Wa pili umejaa. Wa tatu umejaa hadi shingoni, na mafuta yanadondoka kwenye wa nne, to, to, to. Na tita la nyasi? Nusu yake ilikuwa bado imefungwa kamba. Na ndoo? Maji yalimo, na uso wa Jogoo ulionekana ndani yake, mdomo wazi.

"Lakini hatukusikia kitu!" akasema Jogoo.

"Mafuta hayapigi kelele," akasema Bi Mbarika.

Tangu siku hiyo Ngamia ndiye aliyevuta kinu. Farasi akafunga virago aende zake, kichwa chini. Bi Mbarika akamzuia. "Unakwenda wapi?"

"Nimeshindwa, mama."

"Ulishindwa kwa tita moja. Kwa asubuhi moja ulishinda. Kaa, mwanangu, ule kidogo, upumzike. Sijui mbingu zina nini."

Ngamia akavuta, siku baada ya siku, bila upepo wala ndoo. Mitungi ikajaa mmoja mmoja. Ghala likabaki na akiba. Kisima kikapata nafasi ya kujikusanya, na jiwe likasema chubwi tena. Mstari wa wanyama ukasogea: wakapakwa ng'ombe, wakapakwa kondoo, akapakwa Ngiri, aliyeng'aa akadhani amekuwa mzuri.

Kisha, kabla ya wakati wake, upepo ukageuka. Wingu jeusi likasimama juu ya kilima. Ngurumo ikasema guuu. Na mbali, mtoni, ikasikika: zzzz.

Mstari ulikuwa haujaisha. Walibaki watoto wa punda, watoto wa bata, na mwishoni kabisa, Tulizo. Mtungi mmoja tu ulihitajika, nao ulikuwa mtupu.

"Ngamia, baba, kimbia!" akalia Bi Mbarika.

Ngamia akageuza shingo yake ndefu. "Mama, ukinipiga nitakwenda hivi. Ukinibembeleza nitakwenda hivi. Nitaujaza mtungi, lakini nitaujaza jioni. Mvua itafika kabla yangu. Mwite mwenzangu."

Bi Mbarika akalifungua ghala. Milango yote miwili. Nyasi zilikuwamo, nyingi, zile alizoziweka Ngamia kwa kutozila. "Farasi!" akasema. "Kula. Leo sikupimii."

Farasi akala. Akafungwa. Ngiri hakungoja kuitwa. Alikuja mbio na jani mdomoni na ndoo shingoni. Ko-ko-ko-ko! Kwiii! Fuu! Mwaa! Ko-ko-ko-ko! Kwiiiii! Mvuke ukafuka, mafuta yakatiririka, chururu-chururu. Ngurumo ikasema guuu, Farasi akasema ko-ko-ko. Jogoo alitaka kufumba macho asikilize, akakumbuka, akayafumbua, akautazama mtungi. "Umefika nusu!" akapiga mbiu. "Umefika mabegani! Umefika shingoni!"

Tone la kwanza la mvua lilipoanguka, to, mtungi ulikuwa umejaa.

Wakapakwa watoto wa punda. Wakapakwa watoto wa bata. Mtungi ukainamishwa. Bi Mbarika akauingiza mguu wake hadi chini kabisa, akakuta mafuta, mengi, yenye joto bado. Akampaka Tulizo masikio. Akampaka mgongo. Akampaka miguu yake ya vijiti, mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Alipaka polepole, kama mtu anayesoma barua aliyoingojea muda mrefu.

Zzzz! Mbung'o akaja. Akatua juu ya Tulizo. Akateleza. Akatua tena. Akateleza tena. Akakata tamaa, akaenda zake.

Tulizo akacheka. Bi Mbarika hakucheka. Aliketi tu pale mvuani, akimtazama, na waliomwona walisema uso wake ulikuwa kama kisima baada ya mvua.

Farasi alikuwa amelala chini, anahema, anafuka. Ngamia akaja, akasimama juu yake upande wa upepo, akamkinga mvua.

"Ndugu yangu," akasema Farasi, "leo nimefika wapi?"

"Leo umefika," akasema Ngamia.

Basi wenzangu, maana yake ni hii. Anayepima kazi kwa kelele atashiba kelele. Ukitaka kumchagua mfanyakazi, usiulize tu ana mbio kiasi gani. Uliza anakula nini, anapoaje, na kazi yako ni ya asubuhi moja au ya msimu mzima. Mwenye kula kidogo ndiye wa kila siku. Mwenye mbio mwekee akiba, maana iko siku wingu litasimama juu ya kilima.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mtungi, kwenye tone la mwisho. Lililobaki jipakeni wenyewe.