Zimwi Lililofunga Kijito cha Lwesya

Paukwa!

Pakawa!

Kijito?

Kiteremke!

Mchanga?

Uzunguke!

Zimwi?

Likae huko huko!

Basi kaeni vizuri, vuteni miguu, aliye nyuma asogee. Niwape habari za Tusekile.

Hapo zamani, juu kwenye milima ya baridi, palikuwa na kijito kikiitwa Lwesya. Hakikuwa kikubwa. Mbuzi alikivuka bila kulowa tumbo. Lakini maji yake yalitoka ndani kabisa ya milima, na yalipoteremka yaliteremka na punje za dhahabu, ndogo kama chenga za ulezi.

Watu wa pale hawakuishi kwa dhahabu. Waliishi kwa viazi, maharage na ulezi wao. Lakini mavuno yakishaingia ghalani, na pombe ikiwa bado inachacha mitungini, kijiji kizima kilishuka kijitoni kuosha mchanga. Walikwenda kwa raha tu, kama watu wanavyokwenda ngomani. Kila mmoja na chano chake cha mti. Wazee walikaa juu ya mawe yenye jua wakiwacheka wasiojua, na wasiojua walijicheka wenyewe.

Aliyepata punje aliitia ndani ya bua la unyoya wa kanga, akaziba kwa nta ya nyuki, akalichomeka darini kwake. Hakuna aliyeuliza thamani yake. Mgeni akija, unyoya ulishushwa, mgeni akatazama, unyoya ukarudishwa darini.

Tusekile alijifunza kuosha mchanga kwa mama yake, yeye na dada yake Gwantwa. Mama alikuwa akiwaambia, "Msiwe na haraka, wanangu. Msikae maji yanapokimbia. Kaeni pale kijito kinapopinda, nyuma ya jiwe kubwa, pale maji yanapochoka. Maji yakichoka hutua mizigo yao."

Kisha alimshika Tusekile mikono yote miwili, akakiinamisha chano kidogo, akakizungusha taratibu, huku akiimba:

*Zunguka, mchanga, zunguka,*
*chepesi nenda na maji,*
*kizito kaa na mimi.*

Mchanga mweupe ukaenda zake. Mchanga mwekundu ukaenda zake. Ukabaki mchanga mweusi, kidogo tu, kama masizi ya chungu. Na ndani ya ule mweusi, punje moja, imetulia.

Gwantwa alishika upesi. Tusekile alimwaga vyote, mweusi na mweupe na dhahabu yenyewe. Mama akacheka mpaka akakaa majini na kanga yake.

Basi Tusekile akakua, akaolewa mbali, huko chini kwenye nchi ya migomba, na mwanamume mwema aliyeitwa Asegelile. Huko nyuma mama akafariki. Miaka ikapita.

Kule kwa mumewe kulikuwa na mto mpana wa matope, usio na jiwe wala punje. Kila mavuno yalipokwisha, Tusekile alishika ungo wa mchele, na mikono yake ikaanza kuzunguka yenyewe, taratibu, imeinama kidogo.

"Mke wangu, unaosha nini?" Asegelile alimwuliza.

"Naosha kwetu," akajibu.

Siku moja Asegelile akamfungia ndizi na samaki mkavu, akamwambia, "Nenda. Mwili uko huku na roho iko kwenye mawe ya Lwesya. Nenda ukaiangalie, kisha urudi nayo."

Tusekile akachukua chano chake, akapanda milima. Alipofika kwenye kilima cha mwisho akasimama kusikiliza, maana hapo ndipo sauti ya kijito ilipoanza kusikika. Hakusikia kitu. Akateremka mbio. Kijito hakikuwapo. Palikuwa na mawe makavu, majani yaliyokufa, na nyayo za ng'ombe zilizopasuka.

Akamkuta baba yake, mzee Mwasomola, amekaa mlangoni na mtungi mtupu.

"Shikamoo, baba. Maji yako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Maji yamefungwa."

Mzee akamweleza. Zimwi lilitokea nyuma ya milima. Lilisikia kwamba Lwesya ina dhahabu. Nalo, kwa kuwa halikuwahi kuosha mchanga, likadhani maji ndiyo yanayoificha. Basi likabingirisha jiwe kubwa kuliko nyumba, likaziba koo la bonde huko juu, maji yakajaa nyuma ya jiwe kama ziwa. Kisha likapita nyumba kwa nyumba. Likashusha kila unyoya uliokuwa darini, likazimimina punje zote ndani ya mfuko wa ngozi, likauvaa shingoni.

"Hata unyoya wa mama?" Tusekile akauliza.

"Hata wa mama yenu. Na watu waliopanda kuomba maji hawakurudi. Linawafanyisha kazi, wanaparura mchanga mkavu kwa kucha. Dada yako naye alipanda. Aliniambia, baba, watoto wa jirani wanalia kiu, siwezi kukaa nikisikiliza."

Tusekile akanyanyua chano chake.

"Usiende, mwanangu. Nimebaki na wewe tu."

"Baba, nimekuja kuosha mchanga. Na mchanga hauoshwi bila maji."

Basi akapanda bondeni.

Akaliona zimwi. Lilikuwa limekaa juu ya lile jiwe, kubwa kama ghala mbili, mwili umeota kuvu na ndevu za miti, kucha zake kama majembe yaliyochakaa. Chini yake, kwenye mkondo mkavu, watu wa kijiji walikuwa wameinama, midomo imepasuka. Gwantwa alikuwa miongoni mwao, nywele zimejaa vumbi. Macho yao yakakutana. Gwantwa akatazama chini upesi, zimwi lisijue kwamba huyu ni ndugu yake.

"Wewe ni nani?" zimwi likauliza.

"Mpita njia, babu. Nimesikia unapenda dhahabu, nikasema nije niione."

Zimwi likafurahi. Likaonyesha chungu kubwa ya vitu vinavyometameta juani, mpaka macho yakauma. "Ona. Nimekusanya yote hii."

Tusekile akachukua kipande kimoja, akakiweka kivulini mwa kiganja chake. Kikafa. Kikawa kijivu kama gamba la samaki.

"Babu, huu ni ulanga. Ulanga huwaka juani tu. Dhahabu haitegemei jua. Itie kivulini, itang'aa vilevile."

Zimwi likachukua kipande, likakiweka kivulini. Likachukua kingine. Likachukua kingine. Vyote vikafa. Watu mkondoni wakaacha kuparura, wakangoja kuliwa. Lakini zimwi lilishusha mabega tu, kama mzee aliyeambiwa kwamba mgeni wake hatakuja.

"Basi nifundishe," likasema. "Ukinifundisha sitakula. Usiponifundisha, nitaanza na wewe."

"Nitakufundisha, babu. Lakini dhahabu hutafutwa kwa maji. Sukuma jiwe kidogo, yatoke ya kutosha chano kimoja."

Zimwi likasukuma jiwe. Maji yakatoka membamba kama mkia wa mbuzi. Watu wakaangukia magoti wakanywa. Tusekile akalikalisha zimwi mkondoni, akalipa chano, akashika yale makucha yake kama mama alivyoshika mikono yake zamani. Akaimba:

*Zunguka, mchanga, zunguka,*
*chepesi nenda na maji,*
*kizito kaa na mimi.*

Gwantwa aliusikia ule wimbo, akageuza uso ukutani mwa bonde ili machozi yake yasionekane.

Zimwi likazungusha kwa nguvu. Vyote vikamwagika.

"Taratibu, babu. Siku ya kwanza hata mimi nilimwaga. Sukuma tena, maji hayatoshi."

Zimwi likasukuma jiwe. Maji yakatoka mapana kama mkeka. Likazungusha, likiimba kwa sauti ya mawe yanayosagana. Mchanga mweupe ukaenda. Mchanga mwekundu ukaenda. Ukabaki mweusi, na ndani ya mweusi, punje moja.

Zimwi likaitazama. Likaitia kivulini. Ikang'aa. Likacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtoto kabisa. Kwa kitambo kidogo Tusekile akasahau hofu. Aliuona uso wa kila mtu aliyewahi kupata punje yake ya kwanza pale Lwesya, akaona jua juu ya mawe, akamwona mama amekaa majini na kanga yake.

"Umeona, babu?" akasema kwa upole. "Raha yake ndiyo hiyo. Punje moja yatosha kwa siku. Fungua maji yateremke, watu warudi kwao, na wewe uje uoshe nao mavuno yakiisha. Hakuna atakayekufukuza."

Zimwi likafikiri. Hakika lilifikiri. Kisha likaufungua mfuko wa shingoni, likaiangusha ile punje juu ya zile nyingine, na lilipoisikia ikigonga wenzake, uso ukabadilika.

"Nataka zote," likasema. "Kama maji kidogo yametoa moja, maji yote yatatoa zote."

"Maji yote si ya kuchezea, babu."

"Nimesema nataka zote."

Tusekile akaona maneno yameisha. Akasema, "Basi niwatume hawa watu wapande ukingoni wakuchumie majani makavu ya kupangusia chano. Hapa wanakuzibia njia tu."

"Wapande," likasema zimwi. Halikuwa likisikiliza tena.

Gwantwa alielewa. Akawashika wazee mikono, akawapandisha mmoja mmoja. Tusekile akapanda wa mwisho, akashika mzizi mnene wa mti uliokuwa ukingoni.

Zimwi likasukuma jiwe kwa mara ya tatu, likasukuma kwa mgongo na kwa miguu. Jiwe likabingirika. Ziwa lote likaja.

Lilikuja kwa mngurumo mpaka milima ikatetemeka. Likalikuta zimwi limesimama katikati ya mkondo na chano mkononi. Maji yakalifika kiunoni. Lingeweza kutoka, maana lilikuwa refu, lakini mfuko wa shingoni ulikuwa mzito, uliliinamisha kama ng'ombe aliyefungwa kigingini.

Tusekile akanyoosha ncha ya mzizi. "Babu, vua mfuko, ushike hapa!"

Zimwi likautazama mzizi. Likautazama mfuko. Likaukumbatia mfuko kwa mikono yote miwili, na maji yakafunika kichwa chake.

Watu walisimama ukingoni wakitazama maji. Hakuna aliyeshangilia, kwa sababu walikuwa wameisikia ile sauti ikicheka.

Gwantwa akaja akakaa karibu na mdogo wake. "Umeimba kama mama," akasema.

"Nilidhani nimeusahau."

"Kwenye ule mstari wa mwisho hata mimi niliogopa. Nilidhani ni yeye."

Wakashuka nyumbani wakifuatana na maji. Maji yaliwatangulia, wakasikia watoto kijijini wakipiga kelele kabla wao hawajafika. Mzee Mwasomola alikuwa amekwisha kuteremka na fimbo yake, amekaa juu ya jiwe, miguu yote miwili ndani ya kijito. Alipowaona binti zake wawili, alijaribu kusimama, akashindwa, akawanyooshea mikono tu.

Wako vijana waliotaka kupiga mbizi kule kilindini kuufuata mfuko. Gwantwa akawaambia, "Uacheni. Tulikuwa na raha kabla yake." Wakauacha. Ngozi ikaoza, mfuko ukapasuka, na tangu hapo kila masika kijito huchota punje chache, kikaziteremsha taratibu na kuzitua nyuma ya mawe. Hata kikitua nyingi, bado ni chache. Na wanaozipata hawajui kama ni za mlima, za zimwi, au zilizokuwa kwenye unyoya wa bibi zao.

Tusekile alikaa mpaka ulezi ukavunwa. Akaosha mchanga na dada yake siku nzima nzima, wakazungumza habari za mama, na za nyumba ilivyokuwa, na za watu waliokuwa wakikaa juu ya mawe yale na sasa hawapo. Mawe yalikuwa yale yale. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa sasa, na magoti yalimuuma akiinuka. Hakulia sana. Alilia kidogo, akanawa uso.

Kisha akafunga mzigo. Dada yake akamsindikiza mpaka kwenye kilima cha mwisho, wakaagana, na Tusekile akateremka kwenda kwa mumewe. Asegelile alimwona kwa mbali akija kati ya migomba, akaacha jembe shambani, akaenda kumpokea mzigo.

"Umerudi nayo?" akamwuliza.

"Nimerudi nayo yote," akasema Tusekile.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeipenda aende nayo akalale, ambaye hakuipenda aiache mlangoni, wengine wataiokota.

Nanyi wanangu, mkumbuke: kilichokupa furaha kidogo kidogo, usikitake chote kwa siku moja. Anayekumbatia vyote huzama navyo.