Binti wa Mwisho wa Mzee Thwaitlop

Paukwa!

Pakawa!

Anayekoroma?

Akakorome kwao!

Hapo kale, huko Uingereza, kwenye bonde la ukungu na kondoo, aliishi Mzee Osbert Thwaitlop. Jina hilo, jamani, ukilitamka haraka watu watadhani umepaliwa. Lilikuwa jina la bonde lenyewe. Babu yake alikuwa wa kwanza kulilima, mfalme akampa bonde pamoja na jina la bonde, akasema: "Ardhi ni yenu maadamu yupo Thwaitlop hapa. Jina likifa, aichukue jirani."

Sasa mzee alikuwa na mabinti watatu, wa kiume hana. Na huko kwao mwanamke akiolewa huliacha jina la baba yake mlangoni kama ndara, akavaa la mume.

Jirani, Bwana Radcot, aliyajua hayo. Tamaa aliyokuwa nayo huyo! Akaanza kutuma wachumba, tena wenye sura.

Akaolewa Maud. Bata bukini wa nyumbani akamuuliza mlangoni, "Bibi harusi, umeacha nini?"

"Jina tu."

"Haya, kwaheri jina!"

Akaolewa Edith. Bata akauliza, "Bibi harusi, umeacha nini?"

"Jina tu."

"Haya, kwaheri jina!"

Akabaki Winifred. Mzee akalia, "Mwanangu, ukiondoka wewe, mimi nitalala wapi?"

Radcot, kwa pupa, akamtuma mwanawe wa pekee, Godric. Kijana akamkuta Winifred anakama kondoo, akampenda kweli kweli. Maskini!

"Nitaolewa nawe," Winifred akasema, "ila wa kuacha jina ni wewe."

"Baba ataniua!"

"Basi kaishi na baba yako."

Siku ya harusi Radcot alifika na kamba za kupimia shamba. Akamsikia bata: "Bwana harusi, umeacha nini?"

Godric akamgeukia baba yake: "Jina tu, baba."

"Haya, kwaheri jina!"

Radcot akaanguka kitako. Jina lililokufa siku ile lilikuwa lake. Alilia, hata bata akamwonea huruma.

Ndiyo maana akina Thwaitlop wako bonde lile tu, na ni wachache: mabinti huzaliwa wengi, akina Godric ni wa kutafuta kwa taa. Nanyi mlionisikia, msiwatume watoto wenu kwenye hila zenu.

Ngano imekwisha, mwenye usingizi aende. Mke wangu naye aliniomba niliache jina langu. Nikajifanya nimelala.